Mashine ya Rika Jipya

Nasieku, mjukuu wangu,

Anayeandika ni Upendo, rafiki yako wa kazini anayekaa Lemara. Mimi bibi yako, uliyezoea kuniita Koko, nasema tu, kalamu hainijui. Nimemkataza kuninyooshea maneno.

Tangu tukuzike nyumba imepoa. Ng'ombe mweusi amezaa, jike. Mama yako hapiti mlangoni pa chumba chako. Mimi naingia, nakaa kitandani kwako kama mwizi asiyejua aibe nini.

Nilichobakiwa nacho ni kompyuta yako. Kila asubuhi nabonyeza kile kitufe ulichokibandikia plasta, unanisomea Injili ya Luka kwa sauti yako uliyoirekodi. Basi mjomba wako akaipeleka kwa fundi Kimandolu, eti imekuwa nzito. Ikarudi imewekewa mfumo mpya. Nikabonyeza. Badala ya Luka ukasema: "Koko, mashine hii siijui. Niite."

Nasieku! Maneno hayo sikuwahi kuyasikia. Nikatoka mbio mpaka migombani tulikokuzika, nikakuita. Nikakuita kwa nguvu mpaka majirani wakaja na mapanga. Hukuitika.

Upendo akaja kuangalia. Akasema programu uliyoniandikia huanza kwa kuiuliza kompyuta ina mfumo wa toleo gani, maana kila toleo hufungua sauti kwa njia yake. Uliandika yale uliyoyajua. Hili limekuja umeshaondoka, na toleo isilolijua programu hulijibu kwa yale maneno uliyoyarekodi. Nami nikakumbuka ulivyonieleza: "Koko, si na wewe humwuliza mwanamume mgeni rika lake ndipo ujue kumsalimia? Na hii inauliza rika." Nikakuuliza, "Na ikidanganywa?" Ukacheka mpaka chai ikakutoka puani.

Upendo akasema ataongeza hilo toleo jipya, mstari mmoja tu, usome tena. Ila lile neno la "niite" halitasikika. Nikamfukuza. Ndiyo, nilimfukuza rafiki yako, hata chai hakumaliza. Luka ulisoma ukijua nipo. Lile neno ulilisema ukijua iko siku nitakwama peke yangu. Ningeliachaje?

Nikawa nabonyeza nisikie hilo tu. Niite. Niite. Mwanangu, inachosha. Mtu hawezi kuishi kwa kuambiwa amwite asiyeitika. Nikamtuma mjomba wako amrudishe Upendo. Upendo akaniinamishia kichwa kwa salamu ya mtoto kwa mzee, nikamwekea mkono; kichwa cha kwanza tangu chako. Nikamwambia, bonyeza mara moja zaidi. Ukasema. Safari hii sikuita. Nikamwambia, "Haya, andika rika lake."

Leo asubuhi umenisomea wale wakoma kumi, mmoja tu akarudi kushukuru. Nikasema kwa sauti, "Hao tisa nawajua, wako huku kwetu." Hakuna aliyecheka.

Lala, mama yangu. Sitakusumbua tena kwa makelele ya migombani. Nitakusikiliza kila siku mpaka ulipoishia kusoma, na hapo nitakaa na wewe kidogo kabla ya kwenda kumpa ng'ombe maji.

Koko wako