Miguu Yangu kwa Maneno Mawili

Dada Zuhura, shikamoo. Huku Temeke kwa kaka Hamisi sote wazima, ila mie nina hasira ambazo hazienei kwenye kadi hii.

Jana nilifika kwa daktari Mzungu. Hajui Kiswahili, kwa hiyo karani alikaa kati yetu atafsiri. Nikaeleza yote kama ulivyoniagiza: miguu inawaka kama imepakwa pilipili, kisha inakufa ganzi, kiatu kinachomoka nami natembea tu, na usiku hata shuka likinigusa napiga kelele. Nilisema mpaka mate yakanikauka. Karani akamgeukia daktari, akatamka maneno mawili. Mawili, dada! Nikamuuliza, "Baba, na ganzi je? Na pilipili?" Akanijibu, "Mama, daktari ana kazi nyingi." Nyayo zangu hazikutazamwa. Nikapewa dawa ya kuchua, ile ile waliyopewa wenzangu wote kwenye benchi.

Leo asubuhi nilikuwa nachoma vitumbua, nikasikia harufu. Nikamuuliza wifi, nani anababua nyama saa hizi? Wifi akapiga ukelele. Kumbe nimekanyaga kaa la moto, nami sina habari!

Usilie, dada. Nipakatie wanangu, waambie mama yao anawakumbuka kila wakati wa kula. Jumatatu narudi, na mguu nitaupandisha juu ya meza ya daktari. Kidonda hiki karani akifupishe, nimwone.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi