Kiberiti na Tingatinga Wapanda Ulingo Mmoja

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili mchana, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Pokea salamu zangu ukiwa umekaa, maana barua hii ni ndefu na habari zake si za kusomea mlangoni.

U hali gani huko? Na mgongo je? Mara ya mwisho ulisema umeutegua ukibeba vioo, na daktari amekukataza kuinama. Natumaini unamsikiliza, ingawa nakujua: ukikatazwa kuinama ndipo unapokumbuka kila kitu kilichowahi kuangukia uvunguni mwa kitanda. Wifi yangu hajambo? Na mwanao, meno yametoka, au bado anauma watu kwa fizi? Mbusu shavuni, mwambie ni la shangazi yake.

Sisi hatujambo. Shemeji yako bado anaendesha lori la maji na bado anakoroma kama lori lenyewe. Watoto wanarefuka kuliko suruali zao. Kazi yangu ya ngozi inakwenda vizuri. Nimemaliza kushona viti vya basi zima, na vidole vimekuwa vigumu hata chai ya moto naishika bila kuhisi.

Sasa nije kwa baba, maana najua ndiye uliyeanza kumtafuta kwenye barua hii kabla hujamaliza salamu.

Kuna jambo sikukuandikia. Ulipoondoka baada ya kumzika mama, kesho yake baba na mjomba waligombana. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani yatakwisha yenyewe. Hayakwisha. Baba alikuwa amekaa kwenye kile kiti chake, hasemi, hali, anatazama ukuta. Mjomba akaona amchangamshe kwa njia anayoijua. Akamwambia, "Shemeji, hebu inuka. Hata Kiberiti wako hakukaa konani muda mrefu hivi. Ingawa kwa Tingatinga angekaa chini kabisa, raundi ya pili tu."

Siku nyingine yoyote baba angeruka kama aliyemwagiwa maji. Siku ile alimtazama tu, akasema, "Juzi umemzika dada yako, leo unaniletea mchezo. Toka nyumbani kwangu." Mjomba akatoka, viatu mkononi. Tangu hapo wakawa hawasalimiani. Wakikutana njiani, mmoja anavuka barabara.

Nawe unajua walivyokuwa. Wale si watu waliowahi kuongea mambo ya moyoni. Lugha yao ilikuwa ndondi. Mjomba alikuwa hajavua kofia, tayari wameshaanza: bondia Shoka wa enzi za babu angemfanya nini Mwalimu, yule aliyekuwa anapiga kwa mpangilio kama anayesahihisha madaftari? Wewe nawe ulikuwa unamchomeka yule Paka wako kila pambano, na kila mara anashinda kwa pointi! Lakini mwisho wa yote walirudi kwa wale wale wawili. Kiberiti, bingwa wa uzito wa juu wakati baba ni kijana, mwembamba kwa uzito ule, mwepesi kuwaka, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwangusha. Baba alianza kwa kumshikia ndoo, akaishia kumfunga bandeji mikononi. Na Tingatinga, aliyekuja kizazi kizima baadaye, baba ana mvi tayari. Mlima wa mtu, akisogea mbele kilichopo mbele kinapisha. Hawakukutana wala wasingeweza. Tingatinga anajifunza kuvaa glavu, Kiberiti yuko kaburini. Ila sebuleni kwetu walipigana kila Jumamosi.

Basi baada ya ule ugomvi, nyumba ilinyamaza. Baba alizima redio, akahamishia kiti chumba cha nyuma. Maneno yake yakabaki mawili, "ndiyo" na "nimeshiba". Nilianza kuogopa, mdogo wangu. Nilimwona mtu anaondoka huku amekaa.

Mwezi uliopita, kocha wa ule ukumbi wa ndondi karibu na gereji alinipa kazi ya kushona turubai la ulingo mpya. Akaniambia siku ya kuuzindua atakuja Tingatinga mwenyewe, na kwamba angependa baba awepo, kwa kuwa watu wote waliowahi kusimama kwenye kona ya Kiberiti wameshatangulia isipokuwa yeye. Nilirudi nyumbani mbio kumwambia baba. Akasema ameshiba. Na wala sikuwa nimemletea chakula.

Aliyemtoa ni shangazi. Unamjua shangazi, ndondi kwake ni wanaume wazima wasio na kazi za kufanya. Alikuja, akasimama mlangoni, mkono kiunoni. "Kaka, usiende, kaa hapo hapo," akasema. "Lakini ujue shemeji yako atakwenda. Ataongea peke yake ukumbi mzima, na hakuna wa kumjibu. Atawaambia Kiberiti alikuwa kijiti kilicholoa maji."

Baba alitafuta ndala zake kwa miguu. Kisha akauliza dawa ya viatu iko wapi.

Jumamosi ya uzinduzi, ukumbi ulijaa hadi watu wakakalia ngazi. Umepangwa viti vya plastiki, unanuka ngozi mpya na dawa ya kuchua misuli. Mjomba alikuwa mstari wa mbele, kavaa koti lake la harusi. Sisi tulikaa upande wa pili, baba katikati yangu na shangazi, huku baba na mjomba wakitazama dari kama mafundi umeme.

Tingatinga alipoingia aliinama ili apite mlangoni. Mdogo wangu, picha zilitudanganya, yule mtu ni mkubwa kuliko picha! Lakini amezeeka, anavaa miwani, goti la kulia linamsumbua, na sauti yake ni ya chini, utadhani anaongea na mtoto aliyelala. Alizungumza vizuri na wale mabondia wa ukumbi. Walipoanza maswali, mtu mmoja nyuma kabisa akapaza sauti, "Bingwa, ungekutana na Kiberiti, nani angeshinda?"

Ukumbi mzima ukamgeukia Tingatinga. Kabla hajajibu, mjomba kasimama. "Hilo halina swali! Raundi ya tatu tungeita machela."

Nami nikasikia sauti pembeni yangu, kavu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Machela ingekuwa ya kwako, shemeji. Kwa presha."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, nilimshika shangazi mkono, naye akaufinya hadi ukauma. Ndilo lilikuwa neno la kwanza la baba kwa mjomba tangu siku ile.

Tingatinga akauliza mzee huyu ni nani. Kocha akamnong'oneza. Basi yule mtu akashuka kutoka ulingoni, taratibu kwa ajili ya goti, akaja hadi kwa baba, akavua miwani. "Mzee," akasema, "wewe ndiye uliyekuwa unamfunga mikono? Nimetazama filamu zake tangu ujana wangu. Zinarukaruka, na anayepiga picha hakuwa na akili ya kuonyesha miguu. Miaka yote nimetaka kujua alikuwa anaingiaje ndani ya mikono ya watu. Nionyeshe."

"Nikuonyeshe hapa?" baba akauliza.

"Pale," akasema, akaelekeza ulingoni.

Shangazi alifumba macho na hakuyafumbua hadi mwisho. Nilimpandisha baba, nikamshikia kamba, akavua vile viatu alivyovipiga dawa na soksi pia. Kocha akamfunga bandeji. Mjomba alikuwa ameshapanda upande wa pili. "Lazima awepo mwamuzi," akasema, "na hapa hakuna mwingine asiyependelea." Ukumbi mzima uliangua kicheko.

Nitakuelezaje niliyoyaona? Walipigana polepole, kama watu walio ndani ya maji. Tingatinga alinyoosha mkono wake wa kushoto, mrefu kama boriti, kiganja kikiwa wazi. Baba aliutazama. Halafu mabega yake yakashuka, shingo ikazama, na yule mzee wetu anayeburuza ndala kwenda chooni akaanza kucheza miguu. Nusu hatua kushoto, kisigino juu, kichwa kikapita chini ya kiwiko, na kabla mkono haujarudi, kiganja chake kimetua kwenye mbavu za Tingatinga, kisha kwenye kidevu kwa kutokea chini. Hakumgusa kwa nguvu zaidi ya unavyogusa shela la bibi harusi. Alikuwa si baba. Sikuwahi kumwona Kiberiti maishani mwangu, ila nakuapia, Jumamosi ile nilimwona.

Tingatinga alisimama kama aliyepigwa kweli. "Rudia," akasema. Baba akarudia. "Kumbe hapa nilikuwa wazi," yule mtu akasema, akijishika mbavu. "Maisha yangu yote nilikuwa wazi hapa, na hakuna hata mmoja aliyepaona."

Watu walipiga makofi, baba akatabasamu, na mimi nikadhani yamekwisha. Lakini Tingatinga ni bingwa, hakuja pale kubembeleza wazee. Akasema, "Sasa na mimi nikuonyeshe." Baba alipoingia tena, Tingatinga hakurudisha mkono. Aliusogeza mwili wote mbele, akamkumbatia, akamlazia mkono shingoni, akaegemea kidogo tu. "Kila akiingia ningemlalia hivi," akasema kwa upole. "Raundi ya kwanza, ya pili, ya tano. Nisingetafuta kumpiga, ningeitafuta miguu yake iishe nguvu."

Baba alibaki pale chini ya ule mkono, hasogei. Niliuona uso wake. Nyumbani alikuwa na jibu kwa kila kitu: kwa urefu, kwa nguvu, kwa umri. "Hili hatukuwahi kulifikiria," akasema mwishowe. "Siku zetu hapakuwa na watu wa kiasi chako. Angechoka. Kufika raundi ya tisa, angechoka."

Miaka yote mjomba aliyasubiri maneno hayo. Nilimtazama, nikangoja aruke, aukamate mkono wa Tingatinga na kuuinua juu. Hakufanya hivyo. Aliingia katikati yao, akautoa ule mkono shingoni mwa baba kwa mikono yake miwili, akasema, "Basi, shemeji. Angechoka, sawa. Lakini asingeanguka. Yule mtu hakuwa na desturi ya kuanguka."

Kocha akamuuliza Tingatinga: haya, jibu ni lipi? Yeye akavaa miwani yake, akafikiri. "Sijui," akasema. "Na ningelitoa hili goti langu lililobaki zima, nipigane naye nijue." Kisha akainama, yeye aliyeinama mlangoni kwa lazima, akaishika mikono ya baba yenye bandeji na kuiweka kwenye paji la uso wake. Hakuna aliyepiga makofi. Nadhani tulisahau.

Baadaye, watu walipokuwa wanatoka, niliwakuta baba na mjomba kwenye benchi la nje, kila mmoja na soda yake. Nilijifanya natafuta mfuniko wa sindano zangu. Baba akasema, "Dada yako angekuwepo leo angesemaje?"

Mjomba hakufikiri. "Angesema shukeni huko, mtavunjika viuno, na mimi sina nafasi ya kuuguza wawili."

Wakacheka, mdogo wangu, hadi soda ikamwagika. Na kwenye kile kicheko baba akageuka akaanza kulia, kilio cha sauti, kile ambacho hakukilia makaburini, ambacho sote tulikingoja na hakikuja. Mjomba alimshika mkono akauweka pajani pake, naye machozi yanamtoka bila kuyafuta. "Nilitaka ucheke tu, shemeji," akasema. "Siku ile nilitaka ucheke tu." Baba akamjibu, "Najua. Nilijua siku ile ile." Shangazi alinivuta, tukaenda kuwasubiri barabarani.

Tangu hapo kiti kimerudi sebuleni, na redio inasikika hadi kwa jirani. Lakini usidhani wamepatana kuhusu lile pambano! Baba sasa anasema Kiberiti angechoka, hakuna ujanja, ameuonja ule mkono mwenyewe. Mjomba naye anasema ameiona ile nusu hatua kwa macho yake, na kwamba mbavu zile zisingefika raundi ya tisa. Kila mmoja anamtetea wa mwenzake, kwa ukali ule ule, na jana walipiga meza hadi kikombe kikavunjika. Mkaza mjomba anauliza kama hospitali ina dawa ya hao.

Baba anakusalimu sana, anataka uandike uko upande gani, na anasema Paka wako usimtaje. Mjomba na mkaza mjomba wanakusalimu. Shangazi anasema uchue mgongo na uache ubishi. Shemeji yako na wapwa zako wanakupungia mikono yote. Msalimie wifi, mwambie namshonea mkoba, asinunue.

Mungu akulinde katika kazi na njia zako, akuponye mgongo, akujalie siku ya kuketi nasi sebuleni wakati hawa wazee bado wana pumzi ya kubishana.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unapochelewa kujibu,

Fundi Ngozi