Mashine ya Béa Isiguswe

Béa, mudogo yangu,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba kompyuta inayowaka asubuhi ni nzima. Wanabonyeza kitufe, feni inavuma, picha inatokea kwenye kioo, wanasema: iko muzima, muiache vile. Hapa kwetu kosa hilo nimelifanya mimi, kaka yako, niliyefundisha fizikia mpaka nikastaafu, na niliyepaswa kujua kuwa kitu kinaweza kuvuma vizuri huku ndani kinaoza.

Najua ungekuwa umeshaanza kunicheka. Ulizoea kuniambia, mimi kaka mkubwa: "Yaya, minakuuliza kama mvua itanyesha, weye unaanzia ku Adamu." Leo nitajaribu kuanzia karibu zaidi. Lakini univumilie nikieleza kidogo, maana bila kueleza sitafika kwenye aibu, na aibu ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu.

Tangu tulipokuzika, Nadège ndiye anayefungua sekretaria yako pale Ruashi. Mtoto wako hakuyumba. Anapiga chapa kazi za mwisho za wanafunzi, anatoa fotokopi, anaandika barua za vijana wanaoomba kazi mgodini, anatengeneza matangazo ya vilio, na kwa hayo analisha watoto wake. Ubao wa mlangoni ameupaka rangi upya, kijani kile kile. Mashine yako aliiacha chini ya dirisha, ulipoiweka wewe. Na kila ilipowashwa ilifunguka kwa jina lako, "Mama Béa", na juu ya jina ile picha yako uliyovaa kikwembe cha bluu, umekunja uso kwa sababu jua linakupiga na Nadège anachelewa kubonyeza simu.

Kisha mashine ikaanza kuleta ujumbe. Ilisema kwamba mfumo wake wa zamani hautengenezwi tena, tuubadilishe tuweke mpya.

Mfumo endeshi, ambao sisi huku tunauita sisteme tu, si zile kazi unazoandika, wala si chuma chenyewe. Ni kama mama anayesimamia jiko. Yeye si chakula wala si mbabula yenye makaa, lakini ndiye anayesema sufuria ipi ipande sasa, mgeni yupi asogee na yupi abaki mlangoni. Waliouunda huendelea kwa miaka kuziba matundu yake, kila wanapogundua njia mpya ya wezi. Halafu wanatangaza kwamba ule wa zamani hawauzibi tena. Siku hiyo mashine haizimiki. Kesho yake inawaka kama jana, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Tundu litakalogunduliwa baadaye halina fundi.

Hayo niliyajua, Béa. Nadège aliponiuliza mimi mjomba wake, "Tonton, tubadilishe?" niliyajua yote. Alikuwa ameshapima: mashine yako, ingawa uliinunua mkono wa pili kule Kasumbalesa, ilikuwa na nguvu ya kutosha kubeba mfumo mpya. Kazi ya mchana mmoja. Nami nikakaa kwenye kiti cha wateja nikamfundisha. Nikamwambia mfumo mpya ni mzito. Nikamwambia mashine ya kuchapa inaweza kugoma. Nikamwambia umeme wa Ruashi ukikatika katikati ya kazi, mashine itabaki si ya zamani wala si mpya. Hakuna neno moja lililokuwa la uongo, na bado nilikuwa namdanganya.

Akajibu kwamba jirani atamwazima betri zake kubwa, umeme ukikatika kazi itaendelea. Nikaishiwa fizikia. Ndipo nilipochukua kitu ambacho hakuna mtoto wa kwetu anayeweza kukipinga. Nilisema: "Vitu vya marehemu haviguswi mpaka kutosha kilio. Tumia mashine ya mama yako, lakini usiibadilishe."

Desturi hiyo ya kuondoa matanga ni ya kweli, wewe mwenyewe uliishika alipofariki mama yetu. Familia inakusanyika, inasali, nguo na vyombo vinagawanywa, halafu kila mmoja anaruhusiwa kuanza upya. Lakini nani anayepanga siku? Mkubwa. Yaani mimi. Nikasema tunamngoja Faustin, kitinda mimba wetu, atoke Kilwa yetu ya kando ya ziwa, na barabara ya Kilwa mvua imeiharibu. Mvua ikaisha. Faustin akapiga simu kwamba amepata gari, aje lini? Nikamwambia angoje kwanza. Akasema "Sawa, Yaya," kwa ile sauti yake ya tangu utoto, ya kukubali bila kuamini.

Sasa nikuambie kwa nini.

Karibu kila alasiri nilikuwa naenda Ruashi. Namsalimia Nadège, nakaa, halafu naomba azime mashine na kuiwasha tena, eti nataka kusikiliza feni kama haikwaruzi. Wateja wanangoja na karatasi mkononi. Yeye anazima, anawasha. Mimi nainamisha kichwa kama fundi, na macho yangu yako kwenye kioo, nakungoja utokee. Unatokea na jua lako usoni. Nasema, "Feni iko muzuri," naaga, naenda kutafuta basi. Mzee wa mvi, Béa! Niliamini mfumo mpya ungelifuta jina lako siku hiyo hiyo. Sikumwuliza mtu. Miaka yote niliwagombeza wanafunzi: ulizeni kabla hamjaamini. Mimi sikuuliza, kwa sababu anayeuliza anaweza kuulizwa na yeye kwa nini anataka kujua.

Tundu likagunduliwa, bila shaka. Kijana mmoja anayeitwa Trésor, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alileta flashi yake iliyokuwa imetembea kwenye mashine nyingi za mtaani. Sikatai, flashi chafu, yenye virusi, inaweza kusumbua hata mfumo mpya. Lakini ile yako ilikuwa imesimama mlango wazi kwa amri yangu. Asubuhi iliyofuata hakuna kazi hata moja iliyofunguka. Majina ya kazi yalikuwepo, ndani hakuna kinachosomeka. Kazi nzima ya Trésor ilikuwa humo, na siku yake ya kusimama mbele ya walimu kuitetea ilikuwa imekaribia. Kilichobaki ni nakala ya karatasi, yenye masahihisho ya kalamu nyekundu.

Mama yake akaja, akiwa bado na aproni yake ya kuuzia samaki. Hakuingia. Alisimama mlangoni ili njia nzima isikie: "Mama yako alikuwa muntu ya kazi! Weye uko nacheza tu na mashini ya mama yako! Ungeuzisha makala ya ku mbabula, ungeacha bantu ba masomo!" Watu wakasimama. Kijana mmoja akacheka. Kisha mama yule akaniona ndani, akabadili sauti kwa heshima: "Papa Prof, si unaona? Sema kitu, Papa Prof."

Na mimi nikasema kitu. Nikasema: "Batoto ya leo habasikiaka."

Béa. Maneno hayo yalikuwa karibu na mdomo, nilishayasema mara nyingi mbele ya madarasa, yakatoka. Ningeweza kuyarudisha. Pumzi moja ilitosha. Sikuyarudisha. Nadège akachukua kiti, akampelekea mama yule pale mlangoni ili akae.

Ulipokuwa umelala hospitali, sauti yako imeshakuwa nyembamba, ulinishika kidole gumba kama ulivyonishika tulipokuwa tunavuka reli utotoni. Ulisema: "Yaya, Nadège iko mutoto yako sasa. Usimufundishe sana. Umusimamie tu." Nikakuitikia. Na siku ya kwanza aliyohitaji mtu wa kusimama, nilikuwa nimekaa, tena upande wa wanaomtukana.

Nadège aliazima kompyuta ndogo ya jirani, akaanza kuiandika upya kazi ya Trésor kutoka kwenye karatasi, bure. Nikaenda kumsomea. Mimi nasoma sentensi, yeye anapiga chapa. Mahali fulani, katikati ya maelezo ya udongo wa Kipushi, nilisimama nikamwuliza lile nililopaswa kuuliza tangu mwanzo: kama tungebadilisha mfumo wakati ule, jina la mama lingefutika?

Alimaliza mstari kwanza. "Hapana, Tonton. Jina, picha, kazi, yote ingebakia. Sisteme tu njo ingebadilika."

Na sasa?

"Sasa kufuta yote. Haina njia ingine."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Alijibu bila hasira, na hilo ndilo linaloniuma: "Ulisema mambo ya kilio, Tonton. Kilio ya mama yangu, nitaikatala namna gani?"

Picha yako anayo kwenye simu, nami ninayo ya karatasi. Si hiyo inayoondoka. Kinachoondoka ni ile mashine kukuita kila asubuhi kama mtu anayekungoja kazini. Ungebaki hapo miaka kama ningekuwa na ujasiri wa kuuliza swali moja la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Trésor alisimama mbele ya walimu wake, akapita. Lakini mama yake bado anawaambia wenzake sokoni waende sekretaria nyingine, na wanakwenda. Nadège anabaki na fotokopi chache. Mashine yako imezimwa, imefunikwa kitambaa, inangoja. Inangoja neno langu, kwa sababu mtoto huyu, baada ya yote haya, bado anaiheshimu amri niliyoitoa kwa woga. Tangu hapo kila asubuhi navaa viatu, nafika kona ya barabara, narudi nyumbani. Simwogopi yule mama wa samaki. Naogopa jinsi Nadège atakavyonikaribisha kwa adabu, anitolee kiti.

Jana nilimpigia Faustin nikamweleza yote, hata habari ya feni. Nilitegemea anilaumu. Akacheka mpaka akakohoa. "Yaya, hata ku kilio bantu banakulaka. Ile mashini njo bukari, njo chakula ya batoto ba Nadège. Uliiingiza ku kilio juu ya nini?" Kisha akaacha kucheka. Alisema anakuja wiki hii, barabara iwe nzuri iwe mbaya, na nguo zako zitagawanywa, na mimi nitakaa mwisho wa safu, si mwanzo. Nimekubali.

Nakuahidi hili, Béa, na ahadi hii sitaizungushia maelezo. Kesho nitakwenda sokoni, kwenye meza ya mama yake Trésor, saa ambayo wateja wamejaa, niseme kwa sauti nani aliyekataza na nani aliyetukanwa bure. Akinitukana, nitasimama hapo mpaka amalize. Sitasema neno lolote kuhusu matundu na wezi wa mifumo. Nitasema: ni mimi.

Pumzika, mudogo yangu. Usinisubiri tena kwenye kioo, nami sitakusumbua tena kwa kukuzima na kukuwasha. Barua hii naitia chini ya mlango wa sekretaria, kwa kuwa wewe hutaisoma, na yuko mmoja anayestahili kuisoma badala yako.

Nadège, mwanangu: leo, umeme ukiwapo, futa kila kitu, weka mfumo mpya, na mashine itakapokuuliza jina la mwenyewe, andika lako.