Ni Yangu Peke Yangu

Jumanne jioni, Suna

Nashukuru sikulia mbele yake.

Tumerudi kutoka hospitali ya Homa Bay, mimi na Mama. Tangu apatikane na saratani ya titi, amekuwa akituomba msamaha, mimi na dada yangu Apiyo, kana kwamba ametutilia sumu kwenye damu. Nyanya pia alikufa na ugonjwa huo huo.

Leo alimuuliza daktari swali moja tu. "Nimewapa wasichana wangu?"

Daktari akavuta kiti karibu. "Mama, kuna jeni inayozuia saratani. Hiyo uliyozaliwa nayo ni nzima. Ila ndani ya uvimbe, kemikali inayoitwa methili imeikalia, ikaizima. Hatujaona kitu ulichowarithisha. Lakini wao pia wawe wakipimwa."

"Kwa hivyo ni yangu peke yangu?"

"Ndiyo, Mama."

Akapiga makofi. "Nyasaye, erokamano!" Alimshukuru Mungu kama mtu aliyeambiwa amepona.

Kisha daktari akasema saratani imefika kwenye ini, na dawa hazisaidii tena. Mama alikuwa bado anatabasamu. Nikadhani hakusikia.

Nje alimpigia Apiyo, aliyeolewa Karungu, akampa habari njema, kisha akanipa simu. Apiyo alikuwa analia kwa furaha. "Na Mama mwenyewe, atapona lini?"

Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Mama akanishika mkono. "Umefanya vizuri," akasema. "Hiyo nyingine nitamwambia mwenyewe."