Jibu la Tatu

Dada Koku, shikamoo.

Najua hakuna wa kuniitikia. Ila kila asubuhi nilikukuta umeshafika ofisini, nikaanza hivyo, na mdomo umekataa kuzoea vingine. Kiti chako hapa kliniki ya Igogo wamenipa mimi. Juma zima nimekaa kwenye kile cha wageni.

Unaikumbuka siku uliponifundisha ile amri uliyoihifadhi ndani ya hifadhidata? Tunaiita mara moja kwa namba ya mgonjwa, nayo inarudisha majibu matatu kwa mfuatano: taarifa zake, vipimo vyake, na dawa zinazomdhuru. Programu ikisoma la kwanza lazima iombe linalofuata, la sivyo mengine yanabaki humohumo na wala hailalamiki. Kila jibu lilipotokea uliniwekea mezani punje moja ya kahawa ya kutafuna, ya kwenu Kagera. Ukasema nisifunge kazi mpaka nimetafuna tatu. Nilikunja uso kwa ule uchungu, ukacheka mpaka dada wa mapokezi akaja kuchungulia.

Sasa nikwambie. Ulipolazwa mara ya mwisho, niliandika upya skrini ya daktari. Ukanipigia simu, sauti imekauka, ukauliza kitu kimoja tu: "Majibu yote matatu umeyasoma?" Nikasema ndiyo, dada, usijali. Nilikuwa nimesoma mawili. La tatu nilipanga kulimalizia kesho, na kesho yake hukuamka.

Tuliporudi kutoka kukuzika, daktari alimwandikia mtoto mmoja mgonjwa dawa inayomdhuru. Kwenye hifadhidata ipo, uliiingiza mwenyewe. Skrini yangu mpya, iliyokuwa imeshaanza kutumika, haikuonya. Mama yake ndiye aliyekumbuka, akaikataa pale dirisha la dawa. Mtoto ni mzima.

Walianza kusema mfumo wako umezeeka. Nikawaambia hapana, kosa ni langu, nikalisahihisha mbele yao. Mistari minne tu, dada. Mistari minne.

Lakini wewe sikukwambia, ukaondoka ukiniamini. Hilo ndilo linaloniliza.

Ungeniuliza upya siku ile ningesema bado, nimesoma mawili. Ungenikaripia, na natamani hata karipio hilo.

Kwaheri, dada yangu. Atakayeniuliza kazi imefika wapi nitamwambia ilipofika, hata kama ananiuliza akiwa kitandani, anaumwa, na mimi nampenda.

Mwanafunzi wako,
Masanja