Duka la Bia la Kijiji

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungua saa nne. Umeme ulikatika, bia hazijapoa. Benitho, mume wa wifi yangu, ndiye wa kwanza kama kawaida. Kaniuliza nimeamkaje. Tangu mume wangu afariki, hakuna mwingine anayeniuliza. Kanywa tatu. Kaondoka akijishikilia ukutani.

Alhamisi, 6 Machi
Mwenyekiti kabandika tangazo mlangoni. Mkutano wa kijiji Jumamosi, ajenda moja: duka letu la bia liendelee au lifungwe. Miaka kumi na moja nauza hapa, na nimeisoma habari hiyo kwenye karatasi kama mpita njia. Wifi Yustina ndiye aliyekusanya sahihi za akina mama. Kwangu hakufika. Na kila siku anapita hapa mbele akienda mashine ya mpunga.

Ijumaa, 7 Machi
Naogopa. Likifungwa, nitaongea na nani? Aibu kuandika hivi. Ndivyo ilivyo.

Jumamosi, 8 Machi
Watu wengi mno. Mwenyekiti kasema faida ya duka ndiyo iliyojenga wodi ya wajawazito. Tukifunga, walevi watahamia baa ya barabarani na kijiji kitabaki mikono mitupu. Makofi.

Yustina akasimama. "Wodi hiyo nimejifungulia, nashukuru. Ila anayemlewesha mume wangu ni kijiji. Nikashitaki wapi?"

Akanigeukia.

"Wifi, sema kweli. Benitho huwa anakuja saa ngapi?"

Benitho alikuwa amekaa mbele yangu. Niliiona shingo yake. Ningeweza kusema sijui.

"Kabla sijamaliza kufagia," nikasema.

Akainuka, akatoka bila kunitazama. Kura za mikono zikapigwa: duka linabaki. Mimi sikunyoosha upande wowote.

Jumatatu, 10 Machi
Benitho kaja. Nimemwambia simuuzii tena.

"Shemeji, si kijiji kimesema duka libaki?"

"Libaki. Ila wewe sikuuzii."

Kaenda baa ya barabarani. Nilimtazama hadi akakata kona. Nilitaka kumwita. Sikumwita.

Jumatano, 12 Machi
Wateja watatu. Wamenunua, wamekwenda. Yustina kapita, kanisalimu kwa kichwa tu. Mumewe bado analewa, sasa kwa watu wengine. Nina hasira na wote wawili. Na nafsi yangu pia.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya misa nimekwenda shamba, palizi. Mpunga umefika magotini. Mashamba ya jirani hayana mtu, wengine wamepumzika. Nimepalilia mpaka mgongo ukakataa.

Wingu limetanda kutoka milima ya Udzungwa. Mvua ikaanza, taratibu. Nikasema kwa sauti, "Mvua hiyo."

Nilitaka tu kusikia mtu akisema.