Laini Iliyopita Joshoni

Kabazi, kupitia Nakuru
Februari 1977

Kwa Dada yangu Nafula,

Kwa masikitiko na taadhima kubwa, ninautangazia ukoo wetu wote, wa karibu na wa mbali, kwamba jino langu la mbele, lililotumika miaka mingi bila likizo, lilitutoka Jumatano iliyopita. Mazishi hayakufanyika kwa sababu halijapatikana.

Hujambo lakini? Mgongo wa Mama umepoa? Mimi ni mzima, ukiondoa jino na mbavu. Ninaandika upesi kabla watu wa basi hawajakwambia nimeuawa. Aliyekufa ni Njuguna, mmoja wa wenye mashamba hapa.

Kazi yangu unaijua, karani wa josho. Ng'ombe wa wanachama wote wanatumbukia kwenye maji ya dawa, kupe wanakufa, mimi naandika. Siku za josho mimi ndiye redio yao pia. Basi nikawaeleza niliyosoma kwenye gazeti lililofungiwa nyama: nchi zinazopitiwa na Ikweta, Kenya ikiwemo, zimesema setilaiti zinasimama juu ya laini hiyo, kwa hivyo pahali hapo angani ni pao, na anayetaka kuweka chombo chake aombe ruhusa kwanza. Wakubwa wa dunia wanajibu kwamba anga ni ya wote.

"Ya wote ni ya nani?" akauliza Kamotho, jirani wa Njuguna. "Hata hii josho ni ya wote, na geti nilitengeneza peke yangu."

"Wacha geti," Njuguna akasema. "Laini yenyewe inapita wapi, karani?"

Dada, ningesema sijui. Lakini watu wote walikuwa wananitazama. Nikanyoosha fimbo kwenye ua unaotenga shamba la Njuguna na la Kamotho. "Hapo hapo."

Asubuhi iliyofuata Njuguna alikuwa ameng'oa ua na kuusogeza hatua kumi ndani ya shamba la mwenzake, laini ibaki kwake. Kamotho alikuja na panga, akamkata sikio kabla ya kumsalimu. Ndugu za Njuguna wakaja na mipini ya majembe, wakamvunja Kamotho mkono, kisha wakauvunja tena ili wawe na hakika. Kufika saa sita nyumba mbili zilikuwa zinaungua. Ndipo wakanikumbuka.

Walinikokota hadi joshoni. Teke likapata mbavu, ngumi ikachukua jino.

"Wee mtu wa Kimilili," Njuguna akasema, kitambaa cha damu kichwani, "ni wewe ulisema. Iko kwangu ama kwake?"

Kamotho alikuwa ameshika panga kwa mkono uliobaki. "Sema pole pole, karani. Sema ukijua shingo ni moja."

Uso wangu ulikuwa umeinamishwa juu ya maji hata ningeweza kuhesabu kupe waliokufa. Nikisema kwa Njuguna, panga. Nikisema kwa Kamotho, dawa. Nikasema, "Hamkunielewa. Inapita hapa joshoni. Ni ya sisi wote."

Nilidhani nimeleta amani. Kumbe mmoja akang'oa bati. "Basi mimi nachukua yangu." Wakarukia mabati, nguzo, geti, wakapigana kwa vile vile walivyokuwa wakigawana. Njuguna alikumbatia nguzo ya ukingoni. Kamotho akampiga teke, Njuguna akatumbukia kwenye dawa. Hakuna aliyempa mkono, maana angeachilia bati lake. Nilipomtoa alikuwa amekunywa vya kutosha. Alikufa kesho yake hospitalini Nakuru. Kamotho yuko seli, na ng'ombe wana kupe masikioni kama maharagwe.

Baada ya mazishi mjane wa Njuguna alinijia. "Karani, hiyo laini uliiona kweli?"

Nikamwambia niliiona. Kumwambia mumewe aliifia fimbo yangu, nilishindwa. Nifanye nini, Dada? Wewe ndiwe uliyenilea, niambie.

Nisalimie Mama, Mjomba Wafula fundi wa baiskeli, Shangazi Nasimiyu wa kwaya, na shemeji yangu, ambaye usimsomee mambo ya jino, atacheka.

Ni mimi nduguyo,
Simiyu, karani asiye na josho

N.B. Jana alikuja mpima ardhi wa serikali kurudisha mipaka. Nilimuuliza pembeni. Ikweta iko maili kadhaa kaskazini ya hapa, na setilaiti inayobeba simu zetu imesimama juu ya Bahari ya Hindi.